PROGRAMU ISIYO NA MHIMILI WAKE
Kwa nini hukataa kufunguka, na chama kifanye nini



Katika kazi ya ukaguzi mtu huzoea kukuta makosa ya aina zile zile: stakabadhi isiyo na saini, leja isiyofungwa mwisho wa mwezi, fedha taslimu zilizolala ofisini kupita kiwango kilichoruhusiwa. Makosa haya tunayajua na dawa yake tunaijua. Lakini tangu vyama vyetu vilipoanza kuweka hesabu katika kompyuta, limezuka tatizo jingine ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Tatizo hilo ni programu ya hesabu kukataa kufunguka, ingawa kompyuta ni nzima na programu yenyewe ni nzima. Makala haya yamekusudiwa kueleza sababu yake, njia za kulitatua, na wajibu wa chama kabla halijatokea.

TUKIO LENYEWE

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba, ambacho hakuna haja ya kukitaja, kilipoteza kompyuta yake baada ya radi kupiga nyaya za umeme. Bodi ikanunua kompyuta mpya yenye Windows 10. Katibu alikuwa amefanya kazi yake vizuri, kwani alikuwa na diski ya programu ya hesabu na nakala ya hesabu zote katika flashi. Aliipachika programu hiyo katika kompyuta mpya bila taabu. Lakini alipotaka kuifungua, kikatokea kisanduku kidogo cha maandishi ya Kiingereza kikisema kwamba programu inahitaji kitu kiitwacho .NET Framework 3.5, na kwamba anaweza kukipakua kutoka katika intaneti. Siku hiyo mtandao haukuwapo kijijini. Akajaribu mara tatu, na kila mara akapewa kosa namba 0x800F0906.

Ilikuwa imebaki wiki moja tu msimu wa ununuzi ufunguliwe. Ndani ya hesabu zile yalikuwamo madeni ya pembejeo ya kila mwanachama, na bila hayo isingewezekana kujua nani alipwe kiasi gani baada ya pamba kupimwa. Kijana mmoja wa pale senta akamweleza Katibu kwamba programu imeharibika, na kwamba yeye anaweza kumuuzia nyingine. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuitisha kikao cha bodi ili kupitisha matumizi hayo. Wakati huo huo maneno yalianza kusambaa kwamba viongozi wamefuta madeni ya jamaa zao, na kwamba habari ya kompyuta ni kisingizio tu. Mama mmoja mzee alifika ofisini kuuliza kama deni lake limo katika mashine au limo katika kitabu. Hakuna aliyeweza kumjibu kwa uhakika.

Mwandishi wa makala haya alifika siku ya pili kwa ukaguzi wa kawaida. Tulimwita fundi aliyekuja na diski ya Windows ya toleo lile lile la kompyuta ile. Kazi haikuzidi nusu saa. Programu ikafunguka, hesabu zikarudishwa kutoka katika flashi, na madeni yakaonekana yote. Hakikununuliwa kitu. Hata hivyo, imani ya wanachama iliyopungua katika siku mbili hizo haikurudi kwa nusu saa.

MHIMILI NI NINI?

Ili tuelewe kilichotokea, tukumbuke jinsi vinu vya zamani vya kuchambulia pamba vilivyojengwa. Kinu kilikuwa na injini moja kubwa. Injini hiyo ilizungusha mhimili mrefu wa chuma, ambao mafundi huuita shafti, uliopita kando ya safu ya mashine za kuchambulia. Kila mashine ilipata nguvu yake kwa mkanda uliofungwa kutoka katika mhimili huo. Mwenye kinu alipotaka kuongeza mashine nyingine, hakununua injini nyingine. Aliiweka mashine mahali pake, akafunga mkanda, kazi ikaendelea. Faida yake ilikuwa kwamba mashine ziliweza kuwa ndogo na rahisi. Hasara yake ilikuwa kwamba mashine ile ile, ikipelekwa mahali pasipo na mhimili, haikuweza kuchambua hata kilo moja. Haikuwa mbovu. Ilikosa kitu cha kuizungusha.

Programu nyingi za kompyuta zimetengenezwa kwa mpango huo huo. Mtengenezaji haandiki upya kila kitu, kama vile namna ya kuchora dirisha, kusoma faili, kuchapa karatasi au kupanga tarehe. Kazi hizo zimekwisha kuandikwa mara moja na kukusanywa katika mhimili mmoja unaowekwa ndani ya kompyuta, nazo programu nyingi huutumia kwa pamoja. Kampuni ya Microsoft ilitoa mhimili wake uitwao .NET Framework, ambao mafundi huutamka doti neti, mwaka 1992? La, ni mwaka 2002. Nao ndio unaotumiwa na programu nyingi za hesabu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows. Kabla ya huo ulikuwapo mhimili wa Java, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Programu iliyoandikwa kwa Java huhitaji mhimili wa Java, na iliyoandikwa kwa doti neti huhitaji doti neti. Mmoja hauchukui nafasi ya mwingine.

KOMPYUTA MPYA KUKATAA PROGRAMU YA ZAMANI

Wanachama wengi huuliza: iweje kompyuta ya zamani ifungue programu, na mpya, yenye nguvu zaidi, ishindwe? Jibu limo katika matoleo ya mhimili.

Windows XP ilitolewa mwaka 2001, kabla ya doti neti kuwapo, na kwa hiyo mtumiaji alilazimika kuipachika mwenyewe. Windows 7, iliyotolewa mwaka 2009, ilikuja na toleo 3.5.1 tayari ndani yake. Hii ndiyo sababu programu nyingi za miaka ile zilifunguka katika Windows 7 bila mtu yeyote kujua kwamba zinategemea mhimili. Windows 10, iliyotolewa mwaka 2015, ilikuja na toleo la jamii ya 4. Toleo 3.5 halikuwekwa tayari kwa kazi. Ni lazima liwashwe, na mafaili yake hupatikana ama kutoka katika intaneti ama kutoka katika diski ya Windows.

Mtu anaweza kudhani kwamba mwenye toleo la 4 hahitaji toleo 3.5, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Sivyo. Jamii hizi mbili hukaa bega kwa bega, kama mihimili miwili yenye puli za vipimo tofauti. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya toleo la 2, la 3 au 3.5 kwa kawaida hutafuta mhimili wa 3.5, ambao umebeba yote matatu. Programu iliyoandikwa kwa toleo 4.0 na kuendelea hutosheka na toleo 4.8, lililotolewa mwaka 2019, kwa sababu matoleo ya jamii ya 4 hurithi nafasi ya yaliyotangulia. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si tu kama programu inahitaji doti neti, bali inahitaji toleo gani.

NJIA ZA KUTATUA

Ziko njia nne zinazokubalika.

Njia ya kwanza ni kuuwasha au kuupachika mhimili wenyewe bila kutegemea mtandao wa kijijini. Kwa toleo 3.5 katika Windows 10, huhitajika diski au flashi yenye Windows ya toleo lile lile lililomo katika kompyuta. Ndani yake mna folda iitwayo sources, na ndani ya hiyo mna nyingine iitwayo sxs. Fundi huielekeza kompyuta ichukue mafaili hapo badala ya kwenda katika intaneti. Likitokea kosa namba 0x800F0906, maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kupakua mafaili hayo kutoka katika mtandao. Likitokea kosa namba 0x800F081F, maana yake ni kwamba kompyuta haikuyapata mafaili mahali ilipoelekezwa, na aghalabu sababu ni diski isiyolingana na Windows iliyomo. Kwa toleo 4.8 kazi ni nyepesi zaidi: liko faili kamili la kupachikia, la megabaiti zaidi ya 100, ambalo mtu aweza kulipakua bila malipo katika tovuti ya Microsoft akiwa mjini, akalichukua kwa flashi na kulitumia kijijini.

Njia ya pili ni kumtaka muuzaji atoe programu iliyobeba mhimili wake ndani. Wenzetu wa Geita wataelewa upesi. Karasha la kusagia mawe ya dhahabu, kama yale ya Nyarugusu, haliungwi katika shafti ya mtu mwingine. Lina injini au mota yake lenyewe, na popote litakapowekwa litasaga. Tangu mwaka 2016, Microsoft ilipotoa doti neti ya namna mpya, mtengenezaji aweza kuifunga programu pamoja na mhimili wake, na mtumiaji asitakiwe kupachika kitu kingine. Programu ya namna hii huwa nzito zaidi, pengine kwa megabaiti nyingi, lakini uzito huo si kitu kwa kompyuta za siku hizi. Jambo la kuangalia ni hili: mhimili uliofungwa ndani haupati marekebisho ya usalama pamoja na Windows. Ukigunduliwa kuwa na kasoro, ni muuzaji anayepaswa kuitengeneza programu upya na kuileta. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba atafanya hivyo.

Ziko pia zana za kuifungasha programu ya zamani pamoja na mhimili wake wa zamani katika faili moja. Kazi hii ifanywe na mwenye programu, si na mpita njia. Faili za namna hiyo mara nyingine hushukiwa na programu za kuzuia virusi, na mhimili uliomo hubaki wa zamani daima.

Njia ya tatu ni kutumia mhimili mbadala. Tangu mwaka 2004 uko mhimili uitwao Mono, ambao huziwezesha baadhi ya programu za doti neti kufanya kazi hata katika kompyuta zisizo na Windows. Neno la kuzingatia ni "baadhi". Chama kisiitegemee njia hii kwa hesabu za wanachama mpaka programu imejaribiwa kwa hesabu za msimu mzima na majibu yakalingana na leja.

Njia ya nne ni kutumia mfumo unaofanya kazi mahali pengine, chama kikiufikia kwa kivinjari cha intaneti. Mfano ulio karibu nasi ni MUVU, mfumo wa kusimamia vyama vya ushirika ulioletwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katibu hapachiki kitu katika kompyuta yake, kwa kuwa mhimili uko katika mashine kuu na wataalamu ndio wanaoutunza. Lakini njia hii nayo ina mhimili wake, nao ni mtandao na umeme. Siku mtandao usipokuwapo, Katibu awe na fomu za karatasi za kuandikia, na aingize taarifa hizo mtandao unaporudi.

NJIA ZISIZOFAA

Katika ziara zangu nimekuta mbinu tatu ambazo lazima ziachwe.

(a) Kunakili mafaili machache ya doti neti kutoka katika kompyuta ya jirani. Mhimili huu si faili moja. Ni mafaili mengi yaliyoandikishwa ndani ya Windows yenyewe. Kuyanakili ni sawa na kung'oa kipande cha shafti na kukilaza sakafuni kando ya mashine.

(b) Kupakua faili linalosemwa kukosekana kutoka katika tovuti yoyote inayolitoa. Hakuna ajuaye kilichomo. Virusi vingi vimeingia maofisini kwa mlango huo, na kompyuta yenye madeni ya wanachama si mahali pa kujaribia.

(c) Kununua programu mpya kabla ya kujua ile ya zamani inakosa nini. Hii ndiyo iliyokuwa karibu kutokea katika chama nilichokieleza. Fedha ingetoka, na hesabu za zamani zingebaki katika flashi ambayo programu mpya pengine isingeweza kuisoma.

FUNDISHO KUTOKA NYUMA

Si mara ya kwanza nchi yetu kupata funzo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya Hazina kupata matatizo makubwa katika hesabu zilizohamishiwa kwenye mashine, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Mashine zilikuwapo, lakini wataalamu wa kuzisimamia walikuwa wachache mno. Leo marufuku hiyo imekwisha kuondolewa, na hakuna anayetamani irudi. Lakini sababu yake haijafutika: mashine haifai kuliko kile kinachoibeba. Chini ya programu pana mhimili, chini ya mhimili pana Windows, chini ya Windows pana umeme, na kando ya yote yupo mtu anayejua la kufanya. Kikikosekana kimoja, vingine vyote vinasimama.

WAJIBU WA CHAMA

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inavitaka vyama vitunze vitabu vya hesabu. Kitabu kisichoweza kufunguliwa siku kinapotakiwa hakiwezi kuhesabiwa kuwa kimetunzwa. Kwa hiyo kila chama chenye kompyuta kinashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Kabla ya kununua programu, muuzaji aandike katika mkataba ni Windows ipi inayotakiwa, ni mhimili gani na toleo gani, na kama programu inaweza kupachikwa mahali pasipo na intaneti. Asiyeweza kujibu maswali haya asipewe fedha ya wanachama.

2. Chama kiwe na bahasha ya programu, ihifadhiwe katika kasiki pamoja na hati nyingine. Ndani yake ziwemo diski ya programu, namba ya leseni, diski au flashi ya Windows inayolingana na kompyuta ya chama, faili kamili la kupachikia mhimili, na karatasi moja yenye maelezo ya hatua kwa hatua kwa Kiswahili.

3. Nakala ya hesabu ifanywe kila wiki, na kila siku wakati wa msimu. Nakala moja isikae katika jengo lilimo kompyuta.

4. Mwisho wa kila mwezi orodha ya wanachama na madeni yao ichapwe, isainiwe na Katibu na Mwenyekiti, na ihifadhiwe katika jalada. Aidha, orodha hiyo itolewe kutoka katika programu kwa muundo wa jedwali la kawaida, unaoweza kusomwa hata pasipokuwa na programu yenyewe.

5. Mara moja kwa mwaka, miezi miwili kabla ya msimu, programu ipachikwe katika kompyuta nyingine kwa kutumia vilivyomo katika bahasha tu, mtandao ukiwa umezimwa. Ikifunguka na hesabu zikaonekana, bahasha imekamilika. Isipofunguka, kilichokosekana kitafutwe wakati bado upo.

6. Kompyuta inapobadilishwa, ile ya zamani, ikiwa bado inafanya kazi, isiuzwe wala kufutwa mpaka mpya imetumika kwa mwezi mzima.

Gharama ya haya yote ni flashi chache na siku moja ya kazi.

HITIMISHO

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walianza kuungana kwa sababu hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Waliweka watu wao kusimamia upimaji, na kutokana na juhudi hizo, ambazo marehemu Paul Bomani alizitumikia akiwa mstari wa mbele, kikazaliwa mwaka 1955 Chama Kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. Wazee wale hawakuikataa mizani. Walitaka kujua imesimama juu ya nini, na nani anaisoma.

Kompyuta ni mizani yetu ya leo. Mwanachama ana haki ya kuuliza deni lake limo wapi, na Katibu anapaswa kuwa na jibu: limo katika mashine, limo katika karatasi iliyosainiwa, na mashine ikiharibika litafunguliwa katika nyingine kabla jua halijatua.

Ndugu Makatibu, katika ziara zijazo za ukaguzi, baada ya leja na kitabu cha fedha, nitaomba kuona bahasha hiyo.